Kabla Hujauza Kiwanja Ununue Breki

Njoo ukae hapa karibu na dada yako, maana maongezi ya leo ni marefu kidogo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma nikiwa jikoni, nikaiweka kando kwa sababu moyo ulinilipuka. Mara ya pili niliisoma nimetulia, nikaona kumbe hapa hakuna ubaya. Hapa kuna kijana anayelipenda gari lake, ila hajapata mtu wa kumwambia ukweli kwa upole.

Unasema una Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, umeihangaikia miaka mitatu mpaka ikawa yako. Sasa ametokea mtu anakuuzia seti nzima ya breki za Brembo zilizotolewa kwenye STI, mbele na nyuma, na diski zake. Fedha huna, lakini una kiwanja nje ya mji alichokusaidia mama yako kukipata, na mteja wa kiwanja umeshampata. Swali lako ni moja tu: "Dada, inalipa?"

Sitakuzungusha. Kwa safari ulizoniandikia, nyumbani mpaka kazini kila siku na mara mbili tatu kwa mwaka kwenda Iringa kuwaona wazee, hailipi. Kiwanja kiache. Lakini sitaki uishie hapo ukanuna, maana mtu akikatazwa bila kuelezwa huitikia "ndiyo dada" mchana, usiku akapita mlango wa uani. Nataka uelewe. Na ninyi wengine mnaosoma huku mmeficha picha za kalipa nyekundu kwenye simu zenu, sogeeni pia. Najua mpo wengi.

Mdogo wangu, kalipa haisimamishi gari. Kalipa inabana pedi kwenye diski, diski inapunguza mzunguko wa gurudumu, halafu kazi ya mwisho, ile ya kushikana na barabara, inafanywa na tairi. Sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama kiganja chako tu. Gari zima, wewe na abiria wako na mzigo wenu, mmeshikwa na viganja vinne vya mpira. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Ukikaza kamba upande ambao ni mnene tayari, pale pembamba patabaki vilevile pembamba.

Kuna namna ya kujua pembamba pako pako wapi. Nenda mahali peupe pasipo na watu wala magari, lami iwe kavu, mwendo wa wastani, kisha kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Ukisikia pedeli inakutetemeka mguuni, ile ni ABS inafanya kazi. Maana yake breki zako zina nguvu ya kuyashinda matairi, na ABS inayazuia magurudumu yasijifunge. Sasa niambie, kama breki za zamani tayari zinayashinda matairi, hizo kubwa zitakusaidia nini kwa mkanyago ule mmoja? Gari litasimama palepale. Tofauti utakayoiona ni kwenye akaunti yako.

Na matairi yenyewe umeniandikia kwa mstari mmoja, kana kwamba si kitu: "matairi ni ya mtumba ila bado yana meno." Hapo ndipo niliposhtuka kuliko kwenye kiwanja. Meno peke yake hayatoshi. Inama ubavuni mwa tairi utafute tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na herufi DOT. Ukikuta 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala ghalani, unakauka na kuwa mgumu kama kandambili iliyosahauliwa juani, na mpira mgumu haung'ang'anii lami, hasa mvua ikinyesha. Unataka kupunguza mita za kusimama? Anza na matairi mapya manne yanayofanana, ya saizi yake, yenye upepo sahihi. Ungejua ni watu wangapi wamefunga breki za fahari juu ya matairi yaliyokufa, usingelala.

Sasa tusizidharau hizo breki kubwa, maana hazikutengenezwa na wajinga. Zina kazi yake, na kazi hiyo ni joto. Sikiliza vizuri, hapa ndipo penye kiini. Gari linapokimbia lina nguvu ndani yake, na ukikanyaga breki nguvu ile haipotei, inageuka moto kwenye diski na pedi. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa linatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Birika zima la chai, kwa mkanyago mmoja! Likisimama kutoka 140, joto linakaribia kuwa mara mbili, zaidi ya lita tatu. Mwendo ukiuzidisha mara mbili, joto linazidi mara nne. Hesabu hiyo haimjui tajiri wala maskini.

Birika moja, breki za kawaida zinalimudu bila shida. Tatizo ni birika moja juu ya jingine, kabla diski hazijapoa. Hapo ndipo diski kubwa inapoonyesha thamani yake. Kwenye WRX ya aina yako diski za mbele zina upana wa milimita 294, na zile za Brembo za STI ni milimita 326, tena ni nene zaidi. Chuma kingi kinameza joto jingi na kinachelewa kuchoka. Kwa hiyo wale wanaokwenda kuzungusha magari kwenye uwanja wa mashindano, mzunguko baada ya mzunguko, kwao breki kubwa si urembo, ni haja. Ungeniandikia kwamba wewe ni mmoja wao, na kwamba pedi nzuri na mafuta mapya umeshafunga na bado breki zinakuchoka, ningekwambia tafuta pesa ununue, ila bado si kwa kuuza kiwanja cha mama. Lakini wewe kila asubuhi unasota foleni ya Kimara. Foleni haichoshi breki, inachosha roho tu.

Utaniambia, "Dada, na mteremko wa Kitonga je?" Vizuri umeuliza, maana Kitonga mimi naijua kwa machozi.

Mwaka niliomaliza chuo tulikuwa tunarudi Dar kutoka Iringa, mimi na kaka yangu, kwenye Altezza yake aliyokuwa akiifuta kila jioni kama mtoto mchanga. Wiki moja kabla alikuwa ameipeleka gereji fulani, wakamfungia diski mpya zilizotobolewa matundu, nzuri mno kuzitazama, na kalipa wakazipaka rangi nyekundu. Tukaanza kuteremka Kitonga nyuma ya lori. Kaka aliacha gia kwenye D, mguu wake ukawa juu ya breki muda wote, kona baada ya kona. Kwanza ilikuja harufu, kali, inayokaa kooni. Nikamwambia, "Kaka, kuna kitu kinaungua." Akasema ni lori lile. Kona iliyofuata nikauona mguu wake ukizama. Pedeli ilishuka taratibu kama mtu anayekanyaga unga uliokandwa, ikafika chini, na gari likawa linaendelea kwenda. Akakanyaga tena, ikazama tena.

Mungu alimpa akili ya haraka. Alivuta gia mpaka L, injini ikaunguruma, mwendo ukapungua, akawa anapandisha breki ya mkono kidogo kidogo, mpaka tukapata upana wa barabara tukasimama. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Kijana mmoja wa pale akaja mbio na dumu la maji, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa amesimama akamfokea kwa mbali asimwage, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinapasuka. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Kaka yangu, mtu wa maneno mengi, hakusema neno mpaka Mikumi.

Tulipofika Dar, fundi mwingine alifungua kile kichupa cha mafuta ya breki. Mdogo wangu, mafuta yalikuwa meusi kama kahawa ya kijiweni. Diski mpya, rangi mpya, na mafuta ya miaka mingi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nikueleze kilichotokea. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, na sisi watu wa Pwani tunaijua hewa yetu, hata chumvi mezani inalowa. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Ya DOT 3 ni 205 yakiwa mapya, 140 yakishalowa. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana pedeli inazama bila gari kushikwa. Ungefunga Brembo za dhahabu juu ya mafuta yale, siku yangechemka pedeli ingezama vilevile. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili, nunua chupa ambayo haijafunguliwa, na usimkubalie fundi akutilie mabaki ya chupa iliyokaa wazi rafuni. Angalia pia usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni na haipatani na nyingine. DOT 5.1 ni kitu tofauti, yenyewe ni ndugu wa DOT 3 na 4.

Na mlima wowote unaoteremka, iwe Kitonga, iwe Sekenke, iwe mteremko wa Mai Mahiu kwa wadogo zangu wa Kenya, weka gia ya chini mapema, kabla ya mteremko kuanza. Iache injini ilizuie gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo, iachiwe ipumue, ikanyagwe tena. Mguu usilale juu yake. Maarifa haya hayauzwi dukani, na yanaokoa kuliko kalipa yoyote.

Turudi kwa yule anayekuuzia seti. Je, alikwambia kwamba Brembo hizo hazienei ndani ya rimu za inchi 16? Unahitaji 17, na hata za 17 si zote zina nafasi ya kutosha ndani. Basi ongeza rimu, na ukiongeza rimu ongeza matairi ya kuzifaa. Je, alikwambia kwamba pistoni kubwa zinataka mafuta mengi zaidi kwa kila mkanyago, na pampu ya breki ya gari lako inaweza kukuachia pedeli ndefu usiyoizoea? Wengi wakishafunga hurudi kutafuta pampu ya STI. Na akikushawishi uanze na za mbele tu, "za nyuma utamalizia baadaye," hapo kuwa macho zaidi. Kiwanda kiligawa kazi kati ya mbele na nyuma kwa mahesabu. Ukiivuruga mizani hiyo ukaipa mbele kazi kubwa mno, nyuma kunakaa bure, na unaweza kusimama mbali kuliko mwanzo. Ukiipa nyuma kazi kubwa mno, ni hatari zaidi, gari linazunguka. Bado sijagusa bandia zenye jina la kampuni kubwa lililochorwa ubavuni, wala kalipa za mtumba zenye mipira iliyokauka zinazotaka kufunguliwa na kutengenezwa upya kabla hata hazijafungwa. Rahisi ni ghali, mdogo wangu, na ghali hii inalipwa barabarani.

Wewe ni mpenzi wa rali, umeniambia umekuwa ukienda Naivasha kuangalia Safari Rally tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Basi nikuulize, uliyatazama vizuri magurudumu ya yale magari? Kwenye vumbi wanafunga rimu ndogo za inchi 15, na breki zinazoenea humo, diski za milimita 300 hivi. Kwenye rali za lami ndipo wanapofunga rimu za 18 na diski kubwa zaidi. Madereva bora duniani, wenye pesa za kila aina, wanaweka breki ndogo pale ambapo ardhi yenyewe haina mshiko. Hawaoni aibu. Wanafunga kinachoifaa njia.

Sasa nikuguse pale panapouma kidogo, na nakugusa kwa mapenzi. Katika barua yako umeandika mara moja kuhusu kusimama na mara nne kuhusu jinsi kalipa zitakavyoonekana kwenye rimu. Sikulaumu. Kijana aliyetoka mbali akapata kitu chake anataka kionekane, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimewaona watu wazima wakifanya makubwa kuliko hayo kwa ajili ya sofa. Lakini tamaa ya kuonekana usiivishe vazi la usalama. Sema tu, "Dada, nataka zipendeze." Hilo ni kosa dogo na lina dawa ndogo. Sema ukweli na nafsi yako kwanza, halafu pesa zitajua pa kwenda.

Na kuna hofu nyingine ninayoibeba juu yako. Breki kubwa huja na ujasiri. Miaka ya 1980 huko Munich, Ujerumani, watafiti waliwahi kuwafuatilia madereva teksi wa kampuni moja, baadhi ya magari yakiwa na ABS na mengine hayana. Ungetegemea wenye ABS wapate ajali chache. Haikuwa hivyo. Wale waliojua wana breki bora walianza kuendesha kwa ukali zaidi, wakakata kona, wakawasogelea wenzao, na ile akiba ya usalama wakaila yote kwa mwendo. Najiona nikikuwaza wewe na Brembo zako kwenye barabara ya Morogoro saa tano usiku, unajiambia, "nitasimama tu." Kwa mwendo wa 100, kila sekunde unakula mita 28. Sekunde moja ya kuchungulia ujumbe kwenye simu ni mita 28 ambazo hujakanyaga chochote. Brembo haiwezi kukurudishia hizo. Hakuna breki inayofanya kazi kabla ya mguu, na hakuna mguu unaofanya kazi kabla ya jicho.

Kwa hiyo, ukitaka kulitendea gari lako haki, fuata mpangilio huu. Matairi kwanza. Kisha mafuta ya breki, hewa itolewe yote, gurudumu moja moja. Kisha fundi apime unene wa diski, maana kipimo cha mwisho huwa kimegongwa kwenye chuma chenyewe, na ukipitisha kidole ukingoni ukakuta ngazi imejitokeza, ujue imeliwa. Pedi zikifika milimita tatu ziondoke. Nunua pedi nzuri za barabarani, usivutwe na za mashindano, zile zinahitaji joto ndipo zishike, na mtoto anayevuka barabara saa kumi na mbili asubuhi hawezi kukusubiri upashe pedi moto. Ukishazifunga zizoeshe: punguza mwendo taratibu kutoka kama 80 mara kadhaa bila kusimama kabisa, uziache zipoe katikati. Yote hayo, ukiyajumlisha, hayafiki nusu ya seti ile na rimu zake. Ukikamilisha hayo, na siku moja ukaanza kwenda uwanjani, na breki zikakuchoka kweli, niandikie tena. Siku hiyo nitakuwa upande wako.

Kiwanja kile, mdogo wangu, mama yako alikilipia kwa vikoba na maandazi, umeniandikia mwenyewe. Alikilipia ili uwe na mahali pa kufikia. Breki nazo, kazi yake yote ni hiyohiyo, kukufikisha nyumbani. Usiuze unapofikia ili ununue cha kukufikisha.

Jumamosi hii, kabla jua halijawa kali, fungua boneti. Tafuta kile kichupa karibu na ukuta wa injini, upande wa dereva, kifute vumbi, ukitazame kwenye mwanga. Kisha niandikie. Picha ya kalipa usinitumie. Niambie tu yale mafuta yana rangi gani.

Ni mimi dada yako, ninayekuombea kila safari.